Nilipanda mbegu za kibuyu cha shingo ndefu, nikavuna vyungu: nilidanganywa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kisasa, Dodoma. Tuko kinamama kumi na mmoja na vijana wawili, tunakutana kila Jumamosi kuchonga, kuchora na kuchoma nakshi kwenye vibuyu. Hatufanyi biashara, ni mapenzi tu. Mwaka juzi rafiki yangu wa Mpwapwa alinipa mbegu alizozitoa kwenye kibuyu chake cha shingo ndefu, kizuri mno. Nilipanda mashina manne uani mwezi wa kwanza. Shina moja tu ndilo lililozaa shingo ndefu. Mawili yalizaa vyungu vya mviringo, na la nne likazaa kitu cha katikati, nusu shingo nusu tumbo. Vingi vilisinyaa au vikaoza kabla ya kukauka. Kinachoniuma zaidi, mbegu zilizobaki nilishawagawia wenzangu nikiwaambia ni za shingo ndefu, na bado hawajazipanda. Je, nilidanganywa? Nilikosea wapi? Na sisi tunaogawana mbegu tufanyeje ili mtu apate kile alichoahidiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na kwa kundi zima la Jumamosi, mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Hukudanganywa. Rafiki yako alikupa alichokiona kwa macho yake, na alichokiona kilikuwa cha kweli: kibuyu cha shingo ndefu. Ila kibuyu kile kilikuwa kinatoa habari za mama peke yake.

Chukua mfano wa kuku wa kienyeji. Ukiokota yai uani, ganda lile na rangi yake ni kazi ya tetea. Jogoo hakutia mkono kwenye ganda. Lakini kifaranga aliye ndani ana damu ya wote wawili, na kama jogoo wa jirani ni kishingo, utaona vifaranga wenye shingo wazi wanatoka chini ya tetea mwenye manyoya hadi kidevuni. Huwezi kumlaumu aliyekupa mayai. Alikuonyesha ganda, na ganda halimjui baba.

Kibuyu ni vivyo hivyo. Umbo lake, urefu wa shingo, unene wa ganda, vyote vimejengwa na shina lililokizaa. Mbegu zilizomo ni watoto wa shina hilo na wa ua dume lolote ambalo unga wake ulifika kwenye ua jike usiku ule. Tena baba si lazima awe mmoja. Kibuyu kimoja cha wastani kina mbegu mamia, na kama wadudu watatu walipita wakitoka kwenye mashina matatu tofauti, ndani ya kibuyu hicho kimoja kuna watoto wa baba watatu. Ndiyo maana mashina yako manne, yaliyotoka tumbo moja, hayakufanana.

Wewe mwenyewe umeandika jambo ambalo linamaliza ubishi: shina moja lilizaa umbo moja. Laiti tatizo lingekuwa udongo au maji, ungeona maumbo yamechanganyika kwenye shina moja, au mashina yote yameharibika kwa namna moja. Shina linapozaa mfululizo umbo lake lile lile, na jirani yake wa hatua tatu akazaa jingine, hiyo ni damu. Tofauti hiyo ilikuwa imelala ndani ya mbegu tangu Mpwapwa.

Sasa, nani anachanganyika na nani? Watu wengi wanakosea hapa. Kata ya kuchotea maji, kibuyu cha maziwa, kitoma, tunguri, dundu kubwa la kuwekea nafaka, na hata mumunye tunalopika, vyote ni jamii moja ambayo wataalamu wa mimea huiita Lagenaria siceraria. Maua yao yote ni meupe na yanafunguka jioni. Yanachavushana, yaani yanapeana unga, bila kizuizi chochote. Boga halimo humo, wala tikiti, tango au dodoki. Ua la boga ni la njano na linafunguka asubuhi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vibuyu vyake viliharibiwa na maboga ya jirani, mwambie atafute mmumunye. Na yale mabuyu magumu yenye unga ambayo baadhi yenu nadhani mnayachonga, yanatoka kwenye mti wa mbuyu. Jina limefanana tu, undugu haupo.

Kuhusu mumunye nina jambo zito. Mumunye wa kula umechaguliwa na mabibi zetu kizazi hadi kizazi mpaka uchungu ukaisha. Vibuyu vingi vya kazi za mikono havikuchaguliwa hivyo, vina uchungu mkali, na uchungu huo ni sumu. Vikichavushana, uchungu ndio unaoshinda kwa watoto. Jirani yako akitunza mbegu za mumunye aliootesha karibu na vibuyu vyako, mwakani anaweza kuvuna mumunye lenye sura ile ile ya kawaida lakini chungu. India watu wameugua vibaya, na wengine wamefariki, baada ya kunywa juisi ya mumunye chungu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Waambieni majirani mapema kwamba mnaotesha vibuyu, na kila anayepika mumunye aguse kipande kibichi kwa ncha ya ulimi kwanza. Akiona uchungu ateme, atupe lote. Ukigawa mbegu kwa mtu ambaye huenda akapika tunda lake, lazima umwambie.

Niseme na langu, maana najua unavyojisikia kuhusu wenzako. Nilikuwa na vibuyu vya mviringo ambavyo nilivipenda sana, na fundi mmoja wa mazeze alikuja kuniomba mbegu. Zeze la Kigogo linasimama juu ya kibuyu: kinakatwa mdomo, kinawambwa ngozi, kinapitishiwa mti wa shingo, na sauti ya nyuzi inazunguka mle ndani kabla ya kutoka. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliwafikishia watu wa mabara mengine sauti hiyo pamoja na ya ilimba, ala inayopigwa kwa vidole gumba, na mafundi wa huku kwetu bado wanaitafuta. Fundi wa zeze hachukui kibuyu chochote. Anataka tumbo la mviringo na ganda lenye unene sawa pande zote. Nilimpa mbegu thelathini, nikamhakikishia. Nilikuwa na uhakika kwa sababu vibuyu vya jirani yangu vilikuwa mbali, kama mita 300, na katikati palikuwa na kichaka. Yule fundi akalima, akapanda, akalinda mbuzi wasile, akangoja miezi sita. Alivuna vibuyu vyenye kiuno na vingine virefu kama mumunye. Msimu mzima wa mtu ulipotea kwa neno langu. Hakunisema vibaya, alikuja tu na kimoja mkononi akakiweka mezani. Tangu siku ile sigawi mbegu ambayo siwezi kumtaja baba yake.

Mita 300 si kitu. Nyuki anakwenda kilomita mbili, tatu kutafuta chakula, na nondo wa usiku nao ni wasafiri. Kule Kisasa nyumba zimebanana, huwezi kutegemea umbali. Njia iliyobaki ni kuozesha maua kwa mkono, yaani kuyafungisha ndoa kwa kupeleka wewe mwenyewe unga wa ua dume kwenye ua jike, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo jibu la swali lako.

Jifunze kwanza kutambua maua. Ua dume linakaa juu ya kikonyo kirefu chembamba, na chini yake hakuna kitu. Ua jike lina kikonyo kifupi, na kati ya kikonyo na petali kuna kibuyu kidogo chenye vinyweleo, kikubwa kama kidole gumba. Kitazame vizuri kibuyu hicho kidogo. Hata kabla ua halijafunguka, umbo lake limeshajionyesha: la shingo ndefu lina kishingo, la mviringo limekuwa kama gololi. Huhitaji kungoja miezi mitano kujua shina lako ni la aina gani. Siku ua jike la kwanza linapotokea, unajua. Shina lisilo na umbo unalotaka, ling'oe siku hiyo hiyo au liache kwa ajili ya ganda lake, lakini maua yake dume usiyaguse kwa kazi ya mbegu.

Madume hutangulia, na hutokea kwa wingi kwenye shina kuu. Majike hupenda matawi ya pembeni. Shina likifika kama mita mbili na nusu, kata ncha yake, matawi yatachipuka na majike yatakuja.

Saa kumi alasiri zunguka bustanini. Chipukizi la ua litakalofunguka jioni hiyo linajulikana: limerefuka, ncha yake imekuwa nyeupe badala ya kijani, na ukiligusa ni laini. La kesho bado ni la kijani na limekaza. Likishafunguka lenyewe umechelewa, wadudu hawakusubiri. Chukua uzi wa kushonea, funga ncha ya ua jike taratibu lisiweze kufunguka, au livishe kimfuko ulichoshona kwa kipande cha chandarua kuukuu. Fanya hivyo hivyo kwa madume mawili, ya shina hilo hilo au ya shina jingine ambalo umeshaona umbo lake ni lile lile. Usiogope kumwozesha mmea na maua yake mwenyewe. Vibuyu havidhoofiki haraka kwa hilo kama mahindi.

Kiza kinapoanza kuingia, saa kumi na mbili na nusu hivi, rudi. Chuma ua dume moja, lifungue, ng'oa petali zake zote mpaka ubaki na kile kijiti cha katikati chenye unga. Kiguse kwa kidole: kidole kikitoka na vumbi la rangi ya maziwa mgando, unga uko tayari. Fungua ua jike. Katikati utaona kitu kinene kilichogawanyika sehemu tatu, kina unyevunyevu. Paka unga kwenye sehemu zote tatu, kwa wepesi, kama unavyompaka mtoto mafuta midomoni. Rudia na dume la pili. Kisha funga tena ua jike kwa uzi au kimfuko, na uliache hivyo hadi jioni ya kesho yake, wakati petali zimeshanyauka. Mwisho funga utepe wa kitambaa cha rangi kwenye kikonyo, legelege, maana kikonyo kitanenepa. Huo utepe ndio cheti cha ndoa. Bila utepe, baada ya wiki mbili utakuwa na vibuyu kumi na hutakumbuka kipi ni kipi.

Ndani ya siku nne au tano utajua. Kilichoshika kinaanza kunenepa na kuinamia chini. Kilichokataa kinageuka manjano na kuanguka. Usikate tamaa, mimi hufanya matano nikapata mawili au matatu. Sababu kubwa ya kukataa ni kwamba shina tayari limebeba vibuyu vingine. Linapoelemewa linaangusha vipya. Kwa hiyo kwenye shina la mbegu, toa vile vya mwanzo vilivyochavushwa na wadudu mpaka viwili vyako vya utepe vishike. Baada ya hapo liache lizae lipendavyo, maganda ya vile vingine ni halali yenu kwa kuchonga.

Kuoza na kusinyaa ni habari nyingine, na nadhani kosa ni tarehe. Kibuyu kinahitaji miezi minne hadi sita tangu mbegu mpaka ganda gumu. Mvua yetu ya Dodoma ni ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na katikati huwa kuna ukame wa wiki kadhaa. Ukipanda Januari, mvua inakatika wakati vibuyu vyako ndiyo vinafikia ukubwa. Ukubwa na ukomavu ni vitu viwili. Kibuyu kinafikia ukubwa wake ndani ya mwezi mmoja hivi, halafu kinakaa mwezi mmoja, miwili zaidi kikijenga ganda. Shina likifa kabla ya hapo, kilichobaki ni maji yenye ngozi, na lazima kisinyae.

Otesha kwenye viriba mwanzoni mwa Novemba. Loweka mbegu siku nzima kwenye maji ya vuguvugu. Kama ganda lake ni gumu sana, paruza kingo za pembeni kwa msasa, upande wenye ncha usiuguse. Miche ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, hamishia shimoni na udongo wake wote, kwa kuwa mizizi ya jamii hii haipendi kusumbuliwa. Shimo lijazwe samadi iliyooza ya ng'ombe au mbuzi, na kati ya shina na shina uache mita mbili hadi tatu. Mvua ikikatika, zika karibu na shina dumu la lita tano lenye matundu mawili madogo, ulijaze kila baada ya siku mbili. Mnaotaka shingo zilizonyooka, jengeni kichanja, kibuyu kinyooke kwa uzito wake. Kikilala chini, shingo inapinda, na wapo wanaopenda hivyo.

Vile vilivyooza vikiwa vichanga, angalia kama vilikuwa na kitundu kidogo chenye utomvu. Hiyo ni alama ya inzi wa matunda, ambaye hutaga mayai chini ya ngozi laini. Dawa rahisi ni kukivika kibuyu mfuko wa gazeti au wa kitambaa tangu kikiwa kidogo kama yai mpaka ngozi ikaze. Vilivyochomwa vichume uvifukie shimo refu, visibaki vinaozea bustanini.

Usichume kwa kuangalia kalenda. Bonyeza ganda kwa ukucha: ukiingia, bado. Ngoja kikonyo kiwe cha kahawia na kikavu, ukate ukiacha kipande cha kikonyo kama urefu wa kidole. Kianike kivulini penye upepo, visigusane, uvigeuze kila wiki. Upepo wetu wa Juni hadi Septemba ni neema kwa kazi hii. Ukungu mweusi utatokea juu ya ngozi, usiogope, ni maji yanatoka; wengine wenu mtaona unaacha michoro ambayo mtataka kuibakiza. Kikibonyea kwa ulaini, kimeoza, kitupe. Kikiwa chepesi na mbegu zinacheza ndani ukikitikisa, kiko tayari. Wakati wa kukwangua na kupiga msasa, hasa ndani, vaeni barakoa au lowesheni ganda kwanza, kwa sababu vumbi lake linaumiza kifua.

Sasa tuje kwenye kugawana.

Mbegu ya kibuyu ni ngumu kufa. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Marekani walichapisha matokeo ya kuvielesha vibuyu kwenye maji ya bahari siku 224, na mbegu zake ziliota. Vinasaba vilivyochunguzwa miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba vibuyu vya kale vya bara la Amerika ni watoto wa Afrika waliovuka Atlantiki wakielea. Hii ni mali yetu, ilianzia bara hili. Hata mimea ya porini ya jamii hii imetambuliwa huko Zimbabwe na kuandikwa mwaka 2004. Kwa hiyo ndani ya kundi lenu msihangaike sana na uhai wa mbegu: ikikaushwa mpaka inavunjika badala ya kupinda, ikawekwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana na kukaa mahali pa baridi, itaota hata baada ya miaka mitano. Kinachokufa haraka ni habari zake. Mbegu inapotoka mkono wa kwanza ina hadithi nzima. Mkono wa pili unabaki na jina. Mkono wa tatu ni "mbegu za vibuyu" tu, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa hiyo bahasha iwe ya karatasi na iandikwe kwa penseli, wino unafifia. Andika umbo na vipimo vya mama: shingo sentimita ngapi, tumbo sentimita ngapi, ganda jembamba au nene. Andika alikolimwa na mwaka. Na juu ya yote andika baba: "kaozeshwa kwa mkono na umbo lake" au "wadudu". Neno hilo moja, wadudu, lingekuepusha na lawama zote hizi. Mbegu ya wadudu si mbaya, wengine wataipenda kwa sababu inaleta maumbo mapya. Ila anayepokea ajue anacheza bahati nasibu.

Ushauri wangu mkubwa kwenu, mko kumi na watatu: msitunze wote kila kitu. Kila umbo lipewe walezi wawili, wanaokaa mitaa tofauti, na mlezi kazi yake ya mbegu msimu ule ni umbo hilo tu. Vingine apande kwa ajili ya ganda, lakini utepe ufungwe kwa kimoja. Wawili, kwa sababu mbuzi wa mtu mmoja wakivunja uzio, umbo halijapotea. Mlezi achukue mbegu kutoka kwenye mashina mawili au matatu, abaki na nusu, agawe nusu, na mtu mmoja apewe mbegu kumi zinamtosha kabisa. Kabla ya kugawa, akunje mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi mahali pa joto, ahesabu zilizochipua baada ya siku kumi, na aandike hesabu hiyo kwenye bahasha.

Shina lenye majani ya mabakamabaka ya kijani na manjano, yaliyokunjamana, msitoe mbegu hata kama vibuyu vyake ni vizuri kiasi gani. Virusi vingine vya jamii hii vinasafiri ndani ya mbegu, na zawadi yako itakuwa umempelekea mwenzako ugonjwa. Mbegu za kutoka nje ya nchi msiziagize kwa bahasha kienyeji kwa sababu hiyo hiyo. Zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Na siku mkitaka kuziuza kwa watu badala ya kupeana, mtakuwa mmeingia kwenye Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, nendeni TOSCI, taasisi ya taifa ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mkaulize kwanza.

Umesema mbegu ulizogawa bado hazijapandwa. Jumamosi hii waambie wenzako wasizitupe. Waeleze kama nilivyokueleza, kwamba mama yake ni shingo ndefu na baba hajulikani, waandike hivyo kwenye bahasha zao. Novemba kila mmoja aoteshe mbegu sita. Februari, ua jike la kwanza likitokea, atazame kile kibuyu kidogo chini ya petali. Chenye kishingo kibaki, na jioni mwende wawili wawili na uzi na kipande cha chandarua, mmoja ashike tochi. Mbegu za utepe huo mzipande msimu unaofuata na mchague tena kwa namna ile ile. Baada ya misimu miwili, mitatu ya kuchagua hivyo, mashina mengi yatakuwa yanazaa shingo, na rafiki yako wa Mpwapwa utamrudishia kumi kwenye bahasha yenye majina ya wazazi wote wawili.